Kicheko Uzeeni: Sanaa ya Uchale kama Burudani ya Jamii, na Wakati Ambapo Ucheshi Ni Dalili ya Ugonjwa

Utangulizi

Bungu ni sehemu ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika milima ya Usambara ya Magharibi. Ni nchi ya migomba, mashamba ya chai na njia zenye miinuko mikali, ambako kwenda kwa jirani huweza kumgharimu mzee pumzi nyingi kuliko alizonazo. Vijana wengi huteremka Korogwe mjini, Tanga au Dar es Salaam kutafuta riziki. Wazee hubaki kulinda boma, mara nyingi wakiwa na wajukuu, na mara nyingine wakiwa peke yao.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, na wenye umri huo walikuwa karibu asilimia 5.7. Huduma kwa kundi hili kwa kawaida huzungumzwa kwa lugha ya dawa: vidonge vya shinikizo la damu, miwani, dawa za maumivu ya magoti. Ni mara chache mhudumu wa afya humuuliza mzee, "Je, ni lini mara ya mwisho ulicheka na wenzako?"

Somo hili linahusu burudani moja inayoweza kuanzishwa na wazee wenyewe bila mtaji mkubwa, nayo ni sanaa ya uchale. Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya, mgonjwa au ndugu yake anatarajiwa kueleza faida na mipaka ya burudani hii, kumpima mzee kabla hajaianza, na kutofautisha ucheshi wa afya na ucheshi ambao ni dalili ya ugonjwa wa ubongo.

Mifano miwili

Mifano hii imetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini kila mhudumu aliyefanya kazi vijijini atawatambua watu wa namna hii.

Mfano wa kwanza ni wa bibi mwenye umri wa miaka 67, mjane wa mwaka mmoja, mwenye shinikizo la juu la damu. Ameacha kwenda kliniki kwa miezi mitatu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anapomtembelea na kumwamkia, "Shikamoo bibi," anaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," kisha ananyamaza. Anapoulizwa kwa nini haendi kuchukua dawa, anasema, "Nyumba imekuwa kubwa, mjukuu wangu. Nikizimeza nipone, nikae na nani?" Majirani wanasimulia kwamba zamani hakuna harusi iliyofana bila yeye, kwa jinsi alivyojua kuigiza mwendo na sauti za wakubwa wa kijiji.

Mfano wa pili ni wa mzee mwenye umri wa miaka 62, seremala aliyekuwa mkimya maisha yake yote. Tangu mwaka jana amekuwa mzungumzaji asiyechoka. Hutoa mizaha msibani, humtania mkwewe wa kike mbele ya watu, na hula kwenye sahani ya mwenzake bila kuomba. Majuzi ameuza kipande cha shamba kwa bei ya kutupa, huku akicheka. Watu husema, "Uzee umemfungua kinywa." Kikundi cha sanaa cha kijiji kinataka kumchukua awe chale wake.

Katika mifano hii, yule asiyecheka ndiye anayehitaji kicheko. Yule anayechekesha ndiye anayehitaji daktari.

Uchale katika utamaduni wetu

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mtu huyu: mcheshi, damisi, mchekeshaji na chale. Neno chale, kwa maana hii, linahusishwa na jina la Charlie Chaplin, ambaye filamu zake zilionyeshwa kwingi duniani katika karne ya 20. Jambo lenyewe, hata hivyo, ni la zamani kuliko filamu. Makabila mengi ya Tanzania yana utani: uhusiano unaompa mtu ruhusa ya kumkejeli mwenziwe wa kabila au ukoo fulani bila kuleta ugomvi. Watani hufika msibani wakaigiza tabia za marehemu, wakawafanya wafiwa wacheke katikati ya machozi. Babu na bibi nao ni watani wa wajukuu wao. Kwa hiyo mzee wa Kitanzania hatafuti ruhusa mpya ya kuchekesha. Utamaduni umekwisha kumpa.

Vichekesho vya jukwaani vilikua katika kipindi cha ukoloni, na baada ya uhuru vikawa sehemu ya maonyesho ya vikundi vya utamaduni kama Muungano na Tanzania One Theatre. Mkoa wa Tanga wenyewe ulimtoa Amri Athumani, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Majuto. Alizaliwa mwaka 1948 na akafariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, akiwa bado anapendwa na watoto ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Nchini Kenya, Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang' wa vipindi vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, alichekesha hadi uzeeni na akafariki mwaka 2015. Hao walikuwa wasanii wa kazi. Somo hili linamlenga mzee anayefanya uchale kwa kujifurahisha na kuwafurahisha jirani zake, bila kulipwa.

Sanaa imewahi kutumika pia kama chombo cha jamii kujadili matatizo yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Amandina Lihamba na Penina Mlama, walifanya kazi ya namna hiyo huko Malya, mkoani Mwanza, wakitumia ngoma na maigizo ya wanakijiji wenyewe. Funzo la kazi za aina hiyo ni kwamba watu huweza kusema mbele ya hadhara, kwa njia ya mchezo, mambo ambayo kwenye mkutano wa kawaida wasingeyasema.

Kicheko hufanya nini mwilini

Mtu anapocheka, kiwambo cha pumzi na misuli ya mbavu na tumbo hukaza na kulegea kwa haraka. Hewa hutoka kwa mikupuo, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kwa muda mfupi, kisha misuli hulegea. Watafiti walioongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba watu waliocheka pamoja waliweza kustahimili maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka. Walihusisha matokeo hayo na endofini, kemikali za ubongo zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu.

Hata hivyo, faida kubwa kwa mzee anayechekesha huenda isitokane na kicheko chenyewe. Hutokana na kazi inayokizunguka. Chale hana budi kukariri mpangilio wa igizo, kukumbuka nani anaingia lini, kutembea kwa mikogo, kuinama, kugeuka na kupaza sauti. Hana budi pia kutoka nyumbani siku ya mazoezi, kwa sababu wenzake wanamsubiri. Kumbukumbu, misuli, mizani ya mwili na urafiki hufanyishwa kazi kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, pamoja na mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Wazee wengi hawatakubali kuitwa kwenye "mazoezi ya viungo", lakini watakubali kuitwa kwenye mchezo.

Ushahidi unasema nini, na hausemi nini

Machale wa hospitalini walianza kupangwa rasmi mwaka 1986, Michael Christensen alipoanzisha mpango wa kuwatembelea watoto wagonjwa mjini New York. Kwa upande wa wazee, utafiti muhimu ulifanyika Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2013. Ulihusisha nyumba 35 za kutunzia wazee. Nusu ya nyumba hizo zilipata machale waliofunzwa, wakishirikiana na watumishi wa nyumba hizo. Nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida. Sonona haikupungua kwa kiwango cha kutosha kuthibitisha faida. Kilichopungua ni fadhaa miongoni mwa wazee.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa kwa uaminifu. Uchale si tiba ya sonona, na hakuna mgonjwa anayepaswa kuachishwa dawa kwa sababu amejiunga na kikundi. Aidha, utafiti ule ulimpima mzee anayechekeshwa, si mzee anayechekesha.

Nchini Tanzania ushahidi ulio karibu na jambo hili unatoka Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Huko, utafiti uliowahusu watu wenye miaka 70 na zaidi ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu unaovuruga maisha ya kila siku. Baadaye wagonjwa 34 wa aina hiyo walishirikishwa katika vikao 14 vya vikundi vya kuchangamsha akili kwa mazungumzo, michezo na kumbukumbu za zamani, na hali zao zikaonyesha nafuu. Jambo la kuzingatia ni kwamba vikao hivyo havikuhitaji mashine wala majengo mapya. Vilihitaji watu kukaa pamoja kwa mpangilio.

Kicheko ambacho ni dalili

Tanzania ina sababu ya pekee ya kujua kwamba kicheko si furaha siku zote. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hali hiyo ikawaenea wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Uchunguzi haukuonyesha sumu wala vijidudu. Madaktari walioandika tukio hilo walilieleza kuwa ni mhemko wa pamoja wa watu walio katika msongo. Wasichana wale walikuwa wakicheka, lakini hawakuwa na furaha.

Kwa mzee mmoja mmoja, mhudumu akumbuke hali tatu.

Kwanza, kicheko kisichozuilika baada ya kiharusi. Mgonjwa hucheka au kulia kwa ghafla, bila sababu au kupita kiasi, na mwenyewe huona aibu kwa kuwa hisia zake haziendani na uso wake. Hali hii hutokana na kuharibika kwa njia za ubongo zinazodhibiti hisia, na zipo dawa zinazoipunguza.

Pili, ucheshi mpya unaotokana na ugonjwa wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Hermann Oppenheim wa Ujerumani aliwaeleza wagonjwa waliokuwa wakitoa mizaha isiyo mahali pake, nao wakiwa na uvimbe katika sehemu hiyo. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya tabia. Inapoharibika, mtu husema lililomjia na kufanya lililompendeza, bila kujali msiba, mkwe wala mali. Kumbukumbu huweza kubaki nzuri kwa muda mrefu, na ndiyo maana familia hukosa kutambua ugonjwa.

Tatu, mchangamko wa ghafla wa siku au wiki chache, wenye kukosa usingizi, maneno mengi, matumizi mabaya ya fedha au kuchanganyikiwa. Huo huweza kuwa ugonjwa wa akili, maambukizi, athari ya dawa au ya pombe.

Swali moja husaidia kuliko yote: "Je, ndivyo alivyokuwa tangu zamani?" Bibi wa mfano wa kwanza alikuwa mcheshi tangu ujana, kunyamaza kwake ndiko kugeni. Seremala alikuwa mkimya. Mizaha yake ndiyo migeni. Badiliko la tabia katika umri mkubwa lichukuliwe kuwa ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Katika jamii yenye utani, hatari huzidi, kwa sababu kila jambo hufunikwa kwa kusema, "Ni mtani tu." Mtani wa kweli, hata hivyo, anajua nani hataniwi, na anajua wakati wa kunyamaza.

Mzee kama seremala yule apelekwe hospitali. Aulizwe kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa, kwa kuwa damu huweza kuvilia polepole juu ya ubongo na huondolewa kwa upasuaji. Apimwe kaswende, virusi vya ukimwi, sukari na tezi ya shingo, na ikiwezekana vitamini B12 na picha ya ubongo. Baadhi ya visababishi hivi hutibika. Wakati uchunguzi ukiendelea, familia iombwe kulinda hati za shamba na fedha zake, kwa heshima na bila kumfedhehesha. Wakazi wa Korogwe hawako mbali na msaada wa magonjwa ya akili: hospitali ya Lutindi, iliyo katika milima hiyohiyo, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa aina hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Kumpima mzee kabla hajaanza

Vipimo vifuatavyo vinaweza kufanyika hata katika zahanati.

Shinikizo la damu: likifikia 180/110 au zaidi, mazoezi yasubiri hadi apate matibabu. Mwenye maumivu ya kifua, kubanwa na pumzi au aliyepata kiharusi hivi karibuni asianze bila kuonwa na daktari.

Mizani ya mwili: mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Hazuiliwi kuigiza, ila apewe nafasi ya kuchezea akiwa ameketi.

Hisia: aulizwe kama katika wiki mbili zilizopita amekuwa na huzuni kubwa, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Akijibu ndiyo kwa lolote, achunguzwe sonona, na aulizwe waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Maneno ya bibi, "Nikae na nani?", yasipitwe kama methali.

Hali nyingine: pumu, ngiri, na mkojo kutoka mtu anapocheka au kukohoa. Hili la mwisho huwafungia wanawake wengi ndani kwa aibu. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia, na mzee aambiwe hivyo.

Jinsi ya kuanzisha kikundi

Wazee watano hadi kumi wanatosha. Wakutane mara moja au mbili kwa wiki, saa ya mchana, mahali tambarare na pakavu. Katika milima ya Usambara hili si dogo, kwani wakati wa masika njia huteleza, na mzee hapaswi kurudi nyumbani gizani. Kila kikao kianze kwa kunyoosha viungo dakika kumi, kifuatiwe na igizo, kisha mapumziko ya maji au uji. Anayetumia dawa za kisukari asije na njaa.

Vifaa vitoke nyumbani: koti kuukuu lililo kubwa, kofia ya pama, kanga, bakora. Viatu visiwe vikubwa kupita kiasi, na nguo zisiburute chini. Uso usipakwe rangi ya nyumba wala oili chafu. Rangi nyingine zina risasi, nazo huunguza ngozi na macho. Masizi au unga kidogo mbali na macho hutosha, na mwenye pumu aepuke unga. Mchezo wa kujiangusha, ambao ni mtaji wa machale vijana, wazee wauache kabisa. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudii tena mwendo wao wa awali. Igizo la mtu anayekaribia kuanguka na asianguke huchekesha vilevile.

Maudhui yatoke katika maisha yao: mzee anayejifunza kutumia simu ya mjukuu, mgonjwa anayegawana vidonge na jirani yake, mume anayejificha asipimwe presha. Hapo burudani hugeuka elimu ya afya bila hotuba.

Mipaka ya mzaha

Kikundi kikubaliane mapema kwamba hakuna mgonjwa, mlemavu, mtu mwenye ualbino, mjane wala mwenye ugonjwa wa akili atakayefanywa kichekesho. Chale mwema hujicheka mwenyewe kwanza. Siri iliyosikika zahanati isiingie kwenye igizo, hata jina likibadilishwa, kwa kuwa kijijini kila mtu hutambulika kwa mwendo wake. Msibani aingie tu yule ambaye mila inampa nafasi hiyo. Mzee anayekuja na kukaa kimya asilazimishwe kucheka. Kuwapo kwake kunatosha kwa siku hiyo.

Hitimisho

Katika mifano iliyotangulia, bibi apimwe sonona, aanzishiwe tena dawa zake za presha, aombwe kuwafundisha wenzake namna ya kuigiza, na siku ya mazoezi iwekwe siku moja na kliniki. Anayesubiriwa na wenzake ana sababu ya kumeza dawa. Seremala afanyiwe uchunguzi kabla ya kupewa kofia ya chale. Ikithibitika kuwa ana ugonjwa wa ubongo, bado anaweza kukaa na kikundi, apigiwe makofi na kushikwa mkono, lakini watu watakuwa wanajua wanachokitazama.

Mambo ya kukumbuka

1. Uchale ni burudani inayochangamsha mwili, akili na urafiki. Haichukui nafasi ya dawa.
2. Mzee apimwe shinikizo la damu, mizani ya mwili na hali ya hisia kabla ya kuanza.
3. Ucheshi mpya usioendana na tabia ya zamani ya mzee ni sababu ya kumpeleka hospitali.
4. Mchezo wa kuanguka na rangi zisizo salama viepukwe.

Maswali ya kujipima

1. Ni swali gani moja linalosaidia kutofautisha ucheshi wa kawaida na ucheshi wa ugonjwa?
2. Utafiti wa Sydney ulionyesha mabadiliko gani, na haukuthibitisha nini?
3. Katika kijiji chako, ni mzee gani aliyekuwa akichekesha zamani na sasa amenyamaza? Nani atakwenda kumwamkia wiki hii?